Swali la Pili

Baba yangu, Yoakimu Tluway wa Bashay, hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji wala mzee wa kanisa, lakini watu walimtuma mara nyingi kuliko walivyowatuma viongozi. Walimtuma kusalimia. Familia ikitaka kumchumbia binti wa Dongobesh au wa upande wa Hanang, ilikuja kwetu kwanza kumwomba baba atangulie. Ng'ombe wa mtu wakiingia katika shamba la mwenzake na nyumba mbili zikaacha kusemeshana, baba aliombwa apite tu, kama mtu mwenye safari zake, asalimie. Alivaa kofia yake ya kahawia, akachukua fimbo, akaenda. Alipofika aliketi pale alipoonyeshwa. Aliuliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za mvua na za mbegu. Kila kimoja alijibiwa kuwa ni salama, naye alipokea ile salama kwa uso mwema hata kama alijua kwamba katika nyumba ile hakukuwa na salama yoyote. Kisha alinyamaza kidogo, akaitazama fimbo yake. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na habari zaidi?" Hapo ndipo watu walipoanza kusema.

Alitulea hivyo. Alituambia kwamba salamu ya kwanza ni heshima, na heshima hujibiwa kwa heshima. Mtu hajaketi, hajapewa hata maji, wewe unammwagia matatizo yako mlangoni. Huko ni kumtesa mgeni. Subiri akuulize mara ya pili. Akikuuliza mara ya pili, ujue anataka kusikia, na wewe una ruhusa ya kusema yote.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mzee Gidahosh, Mbarbaig aliyehamia karibu nasi na mifugo yake tangu mimi sijaanza shule. Hao wawili walitaniana mpaka wageni walidhani wanagombana.

"Huyu Mmbulu," Gidahosh alikuwa akisema, "simba akimshika mguu na wewe ukapita ukamsalimia, atakwambia salama. Halafu atangoja umuulize habari za simba."

"Na wewe utapita bila kunisalimia," baba alimjibu. "Utamsalimia simba umuulize kama amewaona ng'ombe wako."

Kabla sijaandika habari za ugonjwa wake, napenda msomaji ajue kwamba baba alikuwa mtu mwenye nguvu. Zamani alilima ngano na maharage na kuyapeleka kwenye chama cha ushirika kama wenzake wote. Biashara ilipofunguliwa na malori ya watu binafsi yakaanza kupanda huku kwetu kutafuta vitunguu saumu, yeye alikuwa kati ya watu wa mwanzo hapa Bashay kugeuza shamba lote kuwa la vitunguu saumu. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa vitunguu hivyo. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, baba alikuwa bado anabeba gunia begani kutoka shambani mpaka barabarani huku akisalimia kila anayekutana naye, na alisimama na gunia lile hadi salamu ziishe.

Ugonjwa ulianza baada ya mimi kuolewa kule Masakta, wakati watu wengi vijijini walipokuwa wameshapata simu ndogo za vitochi. Mwanzoni tuliambiwa ni amiba. Alitumia dawa za amiba akazimaliza, akapewa za minyoo, akapewa za homa ya matumbo. Tumbo lilitulia, likarudi. Jirani mmoja alimshauri atwange vitunguu saumu na asali, na baba, ambaye alikuwa amevilima miaka yote hiyo, akavinywa mpaka akawa hawezi tena kukaa karibu na stoo yake mwenyewe kwa sababu ya harufu.

Hakusema kwamba anatoa damu. Mama yangu, Gaudensia, alijua kwa njia nyingine. Aliona kwamba mume wake, mzee mzima mwenye wajukuu, ameanza kuamka mapema na kwenda kijitoni kufua suruali zake mwenyewe. Mama hakumwuliza siku hiyo. Alimpikia uji, akangoja amalize, akamwuliza habari za tumbo. Akajibu salama. Mama akamwuliza mara ya pili, naye akainamisha kichwa akamwambia.

Kaka yangu Isidori ndiye aliyempeleka hospitali kubwa ya mjini, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huko alipimwa kwa kile kipimo cha kamera. Daktari alieleza kwamba utumbo mpana umejaa vidonda, na kwamba vidonda hivyo havikuletwa na mdudu wala chakula. Mwili wenyewe ndio unaupiga vita utumbo wake. Ugonjwa huo huwaka na kutulia, akasema, na dawa ya kuumaliza kabisa haipo. Lakini mtu anaweza kuishi nao mpaka uzee akitumia vidonge vyake bila kuacha, na madaktari wakijua mapema kila unapotaka kuwaka. Neno hilo la kujua mapema Isidori alilirudia kwetu mara nyingi, kwa sababu daktari alikuwa amelirudia kwake. Ugonjwa ukiwaka na hospitali isijue, utumbo unaweza kutoboka.

Basi ikawa ni lazima aende kliniki mara kwa mara, na shida ikawa basi. Wote tunaosafiri tunajua kwamba dereva husimama mahali anapotaka yeye ili abiria wakachimbe dawa vichakani. Tumbo la baba halikumngoja dereva. Safari moja alikuwa na mama. Alihisi hali imembana, akainuka, akamfuata kondakta. Kondakta alikuwa kijana, lakini baba hakuweza kumwomba mtu jambo kabla ya kumsalimia. Akamsalimia, akamwuliza habari za kazi, habari za safari, akamwomba samahani kwa kumsumbua. Alipofika kwenye ombi lenyewe alikuwa amechelewa. Mama alivua kitenge chake cha juu akamfunga kiunoni, wakakaa hivyo mpaka mjini, wote wawili wakitazama nje ya dirisha. Abiria walifungua madirisha. Hakuna aliyewasemesha vibaya, mama aliniambia, na hilo ndilo lililomuumiza baba zaidi, kwamba watu wote walinyamaza.

Baada ya hapo alisema hapandi tena basi. Tulimwombea katika jumuiya, Misa ilitolewa kwa nia yake, na mama alifunga. Ndipo hospitali ikaleta ule mpango wa simu, nasi tukaupokea kama jibu la maombi. Hata leo siwezi kusema kwamba haukutoka kwa Mungu. Sijui niseme nini.

Nesi aliyemwandikisha anaitwa Raya, binti wa wafanyabiashara wa Katesh. Aliposikia kwamba mzee ametoka Mbulu alimsalimia shikamoo kwa kupiga goti, na baba alimpenda tangu siku hiyo. Raya alimweleza taratibu. Wagonjwa wenye simu za kupangusa walikuwa na picha ya utumbo ya kugusa kwa kidole. Wenye simu ndogo wangepata ujumbe wa kawaida kila Jumatatu asubuhi, bila gharama. Mgonjwa angejibu kwa namba tu: moja kama hali ni nzuri, mbili kama ni ya wastani, tatu kama ni mbaya. Majibu yangeingia kwenye kompyuta, na daktari angeyaangalia na kupandisha au kushusha dawa. Vidonge angevichukua kituo cha afya cha huku kwetu. Hakuna basi, labda pawe na hatari.

Baba alirudi amechangamka. Isidori aliweka kipande cha sola juu ya bati ili simu isizimike. Gidahosh alikuja kuiona.

"Kwa hiyo sasa unachungwa," alisema. "Miaka yote unacheka wachungaji, leo umepata mchungaji wa mfukoni."

"Huyu ni mchungaji mwenye adabu," baba akasema. "Anasalimia kwanza."

Na kweli, ujumbe ulianza kwa salamu. Nilikuwepo ulipoingia wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nimekuja kusaidia kupanda vitunguu. Simu ililia mezani. Baba alifuta mikono, akavua kofia, akaketi vizuri kwenye kiti chake, kisha akanipa nimsomee ingawa kusoma alijua. Ulisema: "Habari za wiki, Yoakimu? Hali yako ikoje? Jibu 1 nzuri, 2 wastani, 3 mbaya." Asubuhi ile alikuwa ameshatoka kwenda chooni mara nyingi kiasi kwamba mama alikuwa amemwekea ndoo ya maji na sabuni kule kule. Alichukua simu, akabonyeza moja.

Nikamwambia, "Baba, lakini hali si nzuri."

"Si nzuri, Letisia. Lakini hiyo ni salamu. Wataniuliza tena."

Tukangoja. Simu ikalia. "Asante, Yoakimu. Endelea na dawa zako. Tutakusalimu tena Jumatatu ijayo."

Baba aliirudisha simu mezani. "Ana wagonjwa wengi leo," akasema. "Ameaga mapema. Jumatatu ijayo atakaa."

Nilijitahidi kumweleza. Nilimwambia kwamba huyo si mtu, ni mashine, na mashine inachukua jibu la kwanza na kwenda nalo. Akaniuliza kama mashine hiyo imetengenezwa na watu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama watu hao ni Watanzania. Nikasema nadhani hivyo, kwa maana wameandika Kiswahili.

"Basi wanajua kusalimiana," akasema. "Halafu yule Raya ndiye anayesoma. Mtoto ananiuliza habari za wiki, mimi nimjibu kwa damu? Angekuwa mtoto wangu ningemfundisha asiwajibu watu hivyo."

Nilirudi Masakta kwa watoto wangu. Kila Jumatatu jioni nilimpigia mama. Alinieleza hali kwa maneno machache, kwa sababu baba alikuwa karibu: amelala mchana, suruali zimempwaya, hakumaliza ugali. Na simu, nikimwuliza, amejibuje? "Amejibu salama."

Ikapita misimu miwili hivyo, hali ikipanda na kushuka. Kisha ukaja ujumbe tofauti. Ulimpongeza. Ulisema daktari amefurahi kwa maendeleo yake mazuri, na kwamba kuanzia wiki hiyo apunguze vile vidonge vyeupe vikali vya kutuliza vidonda, na baada ya muda aviache kabisa. Mama alisema haiwezekani. Alimwuliza wanakupunguziaje dawa na wewe unazidi kuumwa? Baba alisema daktari amesoma, ana sababu zake, na mtu haombi dawa zaidi ya alizopewa. Mama aliposhindwa naye alikwenda kwa miguu mpaka kituo cha afya. Mhudumu wa pale alimsikiliza vizuri, lakini alisema maagizo yanatoka hospitali kubwa na yeye hawezi kuyabadilisha. Alimsaidia kupiga ile namba inayotuma ujumbe. Sauti ilisema namba hiyo haipokei simu. Mama akarudi na vidonge pungufu kwenye mfuko wa karatasi.

Nikaja tena, tukazungumza na baba mimi na Isidori. Safari hii hakubisha. Alisema ameelewa, Jumatatu ataandika tatu. Nilikaa mpaka Jumatatu ili nione. Ujumbe ulipoingia, alivua kofia kama kawaida, akashika simu, kidole gumba kikawa juu ya tatu. Kikakaa pale.

"Tatu ni mbaya," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mbaya ni mtu ambaye hasemi tena. Mimi bado naketi. Je, kama kuna mwenzangu kule amelala chini, na daktari akaacha kumwangalia akaniangalia mimi ninayeketi?"

Mama akamwambia abonyeze basi mbili. Akafikiri kuhusu mbili pia. Nilimwona akihangaika kweli. Alitaka kututii, na mkono wake ulikataa. Akabonyeza moja. Simu ikamshukuru. Alivaa kofia, akainuka kwa kushika meza, akaenda chooni. Mama na mimi tulibaki tumekaa. Kuichukua simu na kumjibia ilikuwa kama kusimama mbele ya watu na kumkatiza baba akisalimia. Isidori alisema yeye atamjibia hata hivyo, wiki inayofuata, baba akiwa nje. Lakini baba aliilaza simu mfukoni mwa koti lake tangu siku hiyo, na koti hakulivua, maana alikuwa akisikia baridi hata juani.

Katika muda huo wanajumuiya walikuja kusali rozari nyumbani. Baada ya sala walimwuliza anaendeleaje, mmoja mmoja, wakimpa mkono. Alimjibu kila mmoja salama, tunamshukuru Mungu. Walikuwa wengi na giza lilikaribia, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuketi na kuuliza tena.

Mama aliponipigia na kusema njoo bila kueleza zaidi, nilipanda pikipiki mpaka Haydom na kutoka hapo nikapata gari la mizigo. Nilimkuta baba amelala kwenye ngozi uani. Tumbo, ambalo lilikuwa limebonyea kwa kukonda, sasa lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma. Alinisalimia, akauliza habari za Masakta, za mume wangu, za mahindi yetu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Gidahosh alikuwa amefika kabla yangu, ameketi chini karibu naye na miguu ameinyoosha.

Simu ililia ndani ya koti. Baba alitaka kuvua kofia, lakini mkono ulichoka njiani, na Gidahosh akamvulia. Akaiweka ile kofia gotini kwake.

"Subiri kwanza," Gidahosh alimwambia. "Usimjibu huyo. Nijibu mimi. Habari zako, Yoakimu?"

"Salama."

"Nzuri. Hiyo nimeipokea." Akanyamaza, akasogeza kijiti kwenye vumbi kwa kidole. Sikumjua Gidahosh kuwa mtu anayeweza kunyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kama baba mwenyewe alivyokuwa akisema kwenye nyumba za watu, "Na habari zaidi?"

Baba alifumba macho. "Damu," akasema. "Damu tu, Gidahosh. Tangu wakati wa kupanda."

"Basi sasa mwambie na huyu mtoto wa Katesh. Umeshaulizwa mara ya pili, mimi nimemwulizia."

Baba alichukua simu, akabonyeza tatu mwenyewe.

Jibu lilikuja kabla hajaishusha. Alilisoma mwenyewe, midomo ikitembea, kisha akanipa mimi, na mimi nikalisoma kwa sauti ili mama asikie. "Pole sana, Yoakimu. Tunataka kujua zaidi. Je, unaona damu? Jibu 1 ndiyo, 2 hapana."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yetu.

"Kumbe lilikuwepo," baba akasema. "Swali la pili lilikuwepo."

Akajibu ndiyo. Likaja jingine, je, una maumivu ya tumbo, akajibu. Je, una homa. Je, tumbo limejaa. Alijibu yote moja baada ya jingine, haraka, kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama sana. Uso wake ulikuwa na furaha, nami sikuweza kuutazama. Swali lilikuwa limekaa nyuma ya ile tatu muda wote, na sisi tulikuwa upande huu.

Haikupita saa, Raya alipiga simu. Aliomba kuongea na mtu mwenye nguvu, nikapokea mimi. Alisema kompyuta inaonyesha babu ni mzima tangu alipoandikishwa, haijawahi kuonyesha vingine, na sasa ghafla imewaka nyekundu. Akaniuliza ni nini kimetokea. Nilianza kumweleza habari za salamu na nikaona siwezi. Akasema msingoje basi, msimpe chakula, mleteni sasa hivi.

Mfanyabiashara aliyekuwa akipakia vitunguu barabarani alikubali kushusha magunia yake na kutupa gari. Tulimlaza baba nyuma juu ya magodoro, mama akishika kichwa na Isidori miguu. Gidahosh alivua shuka lake zito jeusi akamfunika nalo. Baba alimwambia asante, akamwuliza sasa yeye atajifunika nini. Gidahosh alisema atajifunika salamu. Baba alicheka kidogo, na kucheka kukamuumiza.

Njia yote nilisali. Nilisali mafungu yote ya rozari nikaanza upya. Gari liliposimama popote, baba alifungua macho na kutaka kujua kama dereva hajambo.

Raya alikuwa akingoja mlangoni na kitanda cha magurudumu. Daktari alikuja mbio, mtu mzima mwenye miwani, akamshika tumbo akiwa bado palepale ukumbini.

"Shikamoo mzee. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Salama, daktari," baba akasema. "Habari za kazi?"

Daktari alishaanza kuzungumza na watu wake, akitaja picha na upasuaji. Walikigeuza kile kitanda. Raya hakugeuka nao. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, akainama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa shuka la Gidahosh.

"Shikamoo babu. Mimi ni Raya. Habari za Bashay?"

"Marahaba mwanangu. Salama."

Akangoja. Watu wote walikuwa na haraka na yeye akangoja. Kisha akamwuliza, "Na wewe mwenyewe, babu? Kweli?"

"Ninaumia, mwanangu," baba akasema. "Ninaumia sana."

Nilizaliwa na mtu huyo, nikalelewa naye, na sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake mpaka hapo.

Padre alifika akampaka mafuta, na kwa hilo namshukuru Mungu. Wakampeleka chumba cha upasuaji. Daktari alipotoka alituambia utumbo ulikuwa umetanuka na kutoboka, uchafu umeenea tumboni, na tulikuwa tumechelewa. Hakutusema vibaya. Alisema kama dawa isingepunguzwa huenda ingekuwa vingine, na kwamba dawa ilipunguzwa kwa sababu majibu yote yalikuwa mazuri, na hata yeye angefanya vilevile tena akiona majibu kama hayo. Alikuwa akituambia ukweli, na ukweli huo hatukuwa na mahali pa kuuweka. Baba alifariki siku iliyofuata bila kuzinduka. Raya alinishika mkono akasema atawaomba waliotengeneza ule mpango wabadilishe, swali la pili liulizwe watu wote, hata wanaojibu moja. Sijui kama wamebadilisha. Nimejaribu kumtafuta, na namba aliyonipigia nayo ni ya ofisi.

Tulimzika Bashay, kando ya shamba la vitunguu. Watu walikuja kutoka kila nyumba aliyowahi kutumwa kusalimia, na zilikuwa nyingi kuliko tulivyojua.

Hospitali ililiondoa jina lake mara moja. Mimi nilidhani ujumbe ungeendelea kuja, nikamwandaa mama kwa hilo. Haukuja. Jumatatu ya kwanza baada ya maziko mama aliiweka simu mezani ikiwa imejaa chaji, kando yake akaweka kofia ya kahawia, akakaa asubuhi nzima. Simu haikulia. Jumatatu iliyofuata akafanya vilevile. Nilimwambia hawatauliza tena, mama. Akasema anajua.

Jumatatu niliyoondoka kurudi Masakta, Gidahosh alikuja. Alikuwa na shuka lake begani, tulikuwa tumelifua na kumrudishia. Alikataa kiti akakaa chini mlangoni.

"Habari za hapa, Mama Isidori?"

"Salama," mama akasema.

"Habari za ng'ombe?"

"Salama."

Alinyamaza, akachora vumbi kwa kidole. Pikipiki yangu ilikuwa inanguruma nje na kijana wa pikipiki alinionyesha jua. Gidahosh akainua uso.

"Na habari zaidi?"

Mama alitazama simu mezani. Nilimbusu, nikachukua mfuko wangu nikatoka, na nilipogeuka barabarani niliwaona bado wamekaa vile vile, mama hajasema, na Gidahosh hajaondoka.